Maswali yenu: kisukari, kinga ya mwili na kupotea kwa kumbukumbu

Barua nyingi safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: je, maradhi ya mwili, hasa kisukari na yale ya kinga, yanaweza kuishia kwenye akili? Yanaweza, lakini si kwa namna moja. Kuna maradhi yanayoongeza hatari polepole kwa miaka 20, kuna yanayovuruga akili ndani ya wiki sita na yakatibika, na kuna dawa zinazoleta hali ambayo watu huiita uzee. Tumezijibu barua kwa kutenganisha hayo.

Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 68, ameishi na kisukari kwa miaka 18 na anatumia metfomini. Tangu mwaka jana anauliza swali lilelile mara tatu nne, na juzi alisahau chungu motoni mpaka kikaungua. Ndugu zangu wanasema sukari imepanda kichwani. Kuna kitu kama hicho? (Binti yake)

Marahaba. Ndugu zako hawajakosea sana, ila wamefupisha mno. Hatari ya dimensia, yaani kumbukumbu na akili kudhoofika hadi shughuli za kila siku zinashindikana, kwa mwenye kisukari cha aina ya pili ni karibu mara moja na nusu ya ile ya asiye nacho, na kwa dimensia inayotokana na mishipa ya damu inakaribia mara mbili. Umri wa kuanza kuugua una uzito mkubwa. Katika utafiti wa muda mrefu wa watumishi wa serikali jijini London, uliochapishwa mwaka 2021, waliofika miaka 70 wakiwa wameishi na kisukari kwa zaidi ya miaka 10 walikuwa na hatari mara mbili ya wasio nacho. Waliokipata karibu na miaka 70 hawakutofautiana sana na wengine.

Madhara hupita njia zaidi ya moja. Kwanza ni mishipa midogo ya damu. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia takriban asilimia 20 ya nishati yake, na hauna akiba ya maana ya sukari. Unategemea damu ifike bila kukatika. Sukari ikizidi kwa miaka mingi hujishikiza kwenye protini za kuta za mishipa, kuta zinakuwa nene na ngumu, na viharusi vidogovidogo hutokea bila mtu kupooza wala kulalamika. Kipimo cha MRI ndicho kinachoviona. Mgonjwa wa namna hii mara nyingi huanza kwa kuwa mzito wa kufikiri na kushindwa kupanga shughuli zenye hatua nyingi, ndipo kusahau kufuate.

Njia ya pili ni insulini yenyewe. Seli za ubongo huitumia katika kuimarisha miunganiko inayobeba kumbukumbu, na mwili ukiwa sugu kwa insulini, ubongo nao huanza kutoiitikia vizuri. Tena kuna kimeng'enya kinachovunja insulini iliyomaliza kazi, na hichohicho huvunja beta-amiloidi, protini inayorundikana katika ugonjwa wa Alzheimer, aina ya dimensia inayoonekana zaidi. Insulini ikiwa nyingi muda wote, inadhaniwa kimeng'enya hicho hushughulika nayo na amiloidi ikaachwa. Hoja hii ina nguvu zaidi maabara kuliko kwa watu wenyewe. Wenye kisukari wanapochunguzwa ubongo baada ya kufa, kinachokutwa kwa wingi ni mishipa iliyoharibika, si amiloidi iliyozidi ya watu wengine. Ndiyo maana hatulipendi jina la "kisukari cha aina ya tatu" ambalo Alzheimer imebandikwa mitandaoni.

Njia ya tatu ni kinga. Mafuta yanayozunguka matumbo hayakai bure: hutoa kemikali za kinga kama IL-6 na TNF, na mwili unabaki katika mchochota wa chinichini, yaani kinga imewashwa ilhali hakuna adui. Ishara hizo hufika kwenye ubongo na kuziamsha mikroglia, seli za kinga zinazoishi humo. Kazi yake ya kawaida ni kufagia taka, amiloidi ikiwemo. Zikichokozwa kwa miaka, zinafagia vibaya na kuanza kuharibu hata miunganiko mizima ya seli za fahamu. Mwishoni mwa mwaka 2012 iliripotiwa kuwa hitilafu moja adimu katika jeni ya TREM2, inayofanya kazi kwenye mikroglia, huongeza hatari ya Alzheimer kwa takriban mara tatu. Tangu hapo imekuwa vigumu kudai kuwa kinga huja tu kuzoa mabaki ya ugonjwa ulioanzishwa na kitu kingine.

Sasa kuhusu mama. Kabla ya kukubali neno dimensia, ulizia vitamini B12. Metfomini ikitumika kwa miaka hupunguza ufyonzaji wake, na upungufu huo huleta kusahau, huzuni, kuyumba anapotembea na ganzi miguuni. Ganzi hiyo husingiziwa kisukari, basi hakuna anayepima. Kiwango kilicho chini ya pikogramu 200 kwa mililita ni upungufu. Kati ya 200 na 300 ni eneo la mashaka linalohitaji kipimo cha ziada. Tiba ni sindano za maikrogramu 1,000 au vidonge vya kiwango cha juu, na metfomini kwa kawaida haiachwi. Chelewa, na sehemu ya madhara ya mishipa ya fahamu hairudi.

Vipimo vingine vya kuomba siku hiyohiyo ni picha kamili ya damu, figo, ini, sodiamu, kalsiamu, TSH ya tezi ya shingo, HbA1c (wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu), kaswende na VVU, pamoja na picha ya ubongo ya CT au MRI. Mpeleke na dawa zake zote zikiwa ndani ya mfuko, hata za mafua na za usingizi. Amitriptilini, oksibutinini na klofeniramini huzuia kemikali ileile ambayo kumbukumbu huitegemea, na tumeona orodha za dawa zenye mbili kati ya hizo kwa mgonjwa mmoja. Apimwe pia masikio na macho. Asiyesikia swali huonekana kama aliyesahau jibu.

Baba ana miaka 79, anatumia glibenklamidi na dawa ya presha. Tumesikia sukari inaharibu ubongo, kwa hiyo tunambana: HbA1c yake sasa ni 6.1. Lakini alfajiri nyingine tunamkuta amelowa jasho, anaongea yasiyoeleweka, akishakunywa chai anakuwa sawa. Ndiyo dimensia imeanza? (Kijana wa nyumbani)

Hapana, huko ni kushuka kwa sukari, na ndilo jambo la haraka kuliko yote katika ukurasa huu. Mnambana kupita kiasi. Wazee waliolazwa kwa sukari kushuka vibaya wameonekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya dimensia, na kila tukio lililoongezeka liliambatana na hatari zaidi. Tena majaribio yaliyolinganisha kubana sukari sana na kuibana kwa wastani hayakuonyesha kuwa wanaobanwa sana wanafikiri vizuri zaidi.

Glibenklamidi ni dawa ya kushusha sukari ambayo miongozo ya tiba ya wazee inashauri iepukwe. Hukaa mwilini muda mrefu, na mabaki yake yenye nguvu hutolewa na figo. Figo za miaka 79 zinayatoa taratibu. Mzee akila kidogo usiku, dawa inaendelea kuisukuma insulini hadi alfajiri. Kama dawa yake ya presha ni ya kundi la atenololi au propranololi, mapigo ya moyo na kutetemeka vinaweza kufichwa, ikabaki jasho na kuchanganyikiwa tu.

Akiwa katika hali hiyo, pimeni sukari kwanza ikiwa kifaa kiko karibu. Chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL) ni ndogo. Chini ya 3.0 ni hatari. Msisubiri kifaa kama hakipo. Ikiwa anaweza kumeza, mpeni gramu 15 za sukari: vijiko vitatu vya chai vilivyojaa, vimekorogwa kwenye maji, au mililita 150 za juisi au soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haifanyi kitu, na chokoleti ni polepole kwa sababu mafuta yake huchelewesha ufyonzaji. Pimeni tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado chini ya 3.9, rudieni. Ikipanda, ale chakula chenye wanga. Aliyepoteza fahamu asiwekewe kitu mdomoni, atapaliwa. Huyo ni sindano ya glukagoni, homoni ya kupandisha sukari, kama mnayo, na hospitali.

Hata akizinduka, aliyetumia glibenklamidi apelekwe kituo cha afya siku hiyo, kwa kuwa sukari inaweza kushuka tena ndani ya saa 24 au zaidi. Daktari atabadilisha dawa. Lengo la HbA1c kwa mzee mwenye afya nzuri ni chini ya 7.0 hadi 7.5, mwenye maradhi kadhaa au kumbukumbu iliyoanza kulegea, chini ya 8.0 inatosha. Na ikiwa baba ana upungufu wa damu, selimundu, figo zilizochoka au ameongezewa damu karibuni, namba hiyo ya 6.1 yenyewe inaweza kuwa ya uongo, basi mtegemee zaidi kifaa cha kidoleni.

Nina miaka 46. Sina kisukari ila nimeambiwa sukari "iko mpakani", presha inapanda na kitambi kimekuja. Kumbukumbu yangu ni nzima. Kuna haja ya kuhangaika sasa?

Wewe ndiye hasa tunayependa kumjibu. Hatari nyingi kati ya hizi hufanya kazi yake kati ya miaka 40 na 65, muda mrefu kabla jina la mtu halijasahaulika. Ripoti ya mwaka 2024 ya jopo la jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayorekebishika, yakiwemo kisukari, presha, unene, kolesteroli mbaya (LDL), kupungua kwa usikivu na uvutaji sigara, ikakadiria kuwa karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa kama yote yangeondolewa. Ni makadirio ya kinadharia, hakuna anayeondoa yote.

Madaktari huangalia mambo matano kwa pamoja: kiuno, trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) za 1.7 mmol/L au zaidi, HDL (kolesteroli nzuri) chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke, presha ya 130/85 au zaidi, na sukari ya kufunga ya 5.6 mmol/L au zaidi. Ukiwa na matatu kati ya hayo, una kile kinachoitwa sindromu ya metaboli. Mipaka ya kiuno hutofautiana. Inayotumika sana ni sentimita 94 au 102 kwa wanaume na 80 au 88 kwa wanawake. Pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mwishoni mwa pumzi ya kawaida ya kutoa, bila kuvuta tumbo ndani. Wengi hupima pale mkanda wa suruali unapokaa, chini ya kitambi, wakajipunguzia sentimita kadhaa.

Kwa maoni yetu presha ndiyo ya kuanza nayo. Katika jaribio la Marekani la watu zaidi ya 9,000, matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa kulenga namba ya juu ya presha iwe chini ya 120 badala ya 140 kulipunguza hali ya kumbukumbu kulegea kidogo kwa asilimia 19, ingawa upungufu wa dimensia yenyewe haukutosha kuthibitishwa. Pima nyumbani ipasavyo: usivute sigara, usinywe kahawa wala kufanya mazoezi kwa nusu saa kabla, kojoa kwanza, kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono umelazwa usawa wa moyo. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, asubuhi na jioni, siku saba. Tupa za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Mkono ukining'inia, namba hupanda. Na mkanda mdogo kwa mkono mnene hukupa presha usiyo nayo.

Kuhusu sukari ya mpakani: HbA1c ya 5.7 hadi 6.4 bado inarudishwa nyuma na wengi. Dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uheme lakini uweze kuongea, pamoja na siku mbili za kunyanyua uzito, maana msuli unaofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa dhaifu. Kama unakoroma na kuamka umechoka, ulizia kukatika kwa pumzi usingizini. Kunapandisha presha na sukari kwa pamoja, na vidonge peke yake havitoshi.

Mume wangu, miaka 63, alikuwa mhasibu hodari. Ndani ya wiki saba hajui tarehe, ana hasira, na uso na mkono wa upande mmoja hurukaruka kama anayeshtuliwa, sekunde moja au mbili, mara nyingi kwa siku. Hospitali wamesema sodiamu iko chini na huenda ni Alzheimer.

Dada, usikubali jibu hilo bila kuonana na daktari wa mishipa ya fahamu, na iwe wiki hii. Alzheimer haiendi mbio hivyo. Mirukio mifupi ya uso na mkono wa upande uleule, sodiamu ya chini na kumbukumbu kuporomoka kwa mtu aliyepita miaka 50 ni picha ya kinga kushambulia ubongo kupitia kingamwili (protini za kinga) dhidi ya LGI1, protini ya ubongo. Hapa kinga haichangii polepole. Ndiyo ugonjwa wenyewe, na hutibika.

Aombewe kipimo cha kingamwili kwenye damu na kwenye maji ya uti wa mgongo pia. LGI1 huonekana vizuri zaidi kwenye damu. Nyingine, kama ile ya NMDA iliyoelezwa mwaka 2007, huonekana zaidi kwenye maji ya uti. MRI inaweza kuonyesha mabadiliko ndani ya sehemu za pembeni za ubongo, lakini ikiwa safi haiondoi ugonjwa. Maambukizi lazima yaangaliwe kwanza, hasa virusi vya hapesi, ambavyo hutibiwa kwa asiklovia bila kungoja. Yakishaondolewa, tiba ya kinga huanza kwa kawaida hata kabla majibu ya kingamwili hayajarudi: methilipredinisoloni gramu 1 kwa mshipa kila siku kwa siku tatu hadi tano, au imunoglobulini, au kusafisha plazima. Dawa za kifafa peke yake mara nyingi hazizuii mirukio hiyo, na hapo ndipo wiki nyingi hupotea, dozi ikipandishwa na kupandishwa. Apimwe pia kama kuna uvimbe wa saratani uliojificha, maana baadhi ya kingamwili huchochewa nao.

Wasomaji wengine wawili wameuliza kuhusu bibi aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, akiwa na homa ya mkojo. Hiyo ni hali nyingine tena. Mwambie ataje siku za wiki kinyumenyume. Akishindwa kushikilia wazo, anasinzia na kuzinduka, na hali inabadilika kutwa, tafuta maambukizi, upungufu wa maji, choo kigumu, mkojo uliozuilika au dawa mpya. Hutulia, japo kwa wazee inaweza kuchukua wiki. Mrudishe kupimwa kumbukumbu baadaye, kwa sababu ubongo unaochanganyikiwa kwa jambo dogo huenda tayari ulikuwa umechoka.

Nina lupasi, dada yangu ana baridi yabisi. Tumeambiwa magonjwa haya huleta dimensia. Je, kumeza ibuprofeni kila siku kutatukinga kwa kuzima mchochota?

Magonjwa ya kinga kujishambulia yanaambatana na ongezeko dogo la hatari kwa ujumla, na uhusiano ni wa wazi zaidi kwa dimensia ya mishipa kuliko kwa Alzheimer. Kwa lupasi, ulizia kama umewahi kupimwa kingamwili za antifosfolipidi: hizo hugandisha damu na kuleta viharusi vidogo, na zina tiba yake. Kwa wote wawili, presha, sukari na kolesteroli zipimwe kila mwaka, hasa mkitumia predinisoloni, ambayo hupandisha presha na sukari na kwa dozi kubwa huvuruga usingizi na kumbukumbu. Msiiache ghafla lakini. Tezi za juu ya figo huwa zimelala na mwili unaweza kuanguka. Ipunguzwe kwa ratiba ya daktari.

Ibuprofeni, hapana. Wazo hilo lilijaribiwa kwa dhati: dawa mbili za kundi hilo, naprokseni na selekoksibu, walipewa watu wa miaka 70 na kuendelea wenye ndugu wa karibu mwenye Alzheimer. Jaribio lilisimamishwa mwaka 2004 kwa wasiwasi wa usalama, na ufuatiliaji haukuonyesha kinga yoyote. Mtakachopata kwa uhakika ni vidonda vya tumbo, figo kulemewa na presha kupanda. Kuudhibiti ugonjwa wenyewe kwa dawa zake ni jambo tofauti na kumeza kituliza maumivu kila siku.

Maswali mafupi

*Sindano na vidonge vya semaglutaidi vya kisukari, vinatibu Alzheimer?* Majaribio mawili makubwa ya vidonge, yenye watu zaidi ya 3,800 wenye Alzheimer ya mwanzo, yalitoa majibu mwaka 2025: havikupunguza kasi ya ugonjwa. Kama amepewa kwa kisukari au unene, aendelee kwa sababu hiyo.

*Statini, dawa za kushusha kolesteroli, husahaulisha?* Wachache hulalamika hivyo, lakini hakuna ushahidi thabiti kuwa zinaleta dimensia. Ukihisi hivyo mwambie daktari abadilishe aina, usiache kimyakimya baada ya kiharusi.

*Baba amepungua kilo 7 bila kutaka, tufurahi kwa ajili ya kisukari chake?* Hapana. Unene huongeza hatari katika umri wa kati, ila uzito huanza kushuka wenyewe miaka kadhaa kabla dimensia haijatambuliwa. Apimwe kumbukumbu, tezi, saratani na meno, na dawa za sukari zipunguzwe kulingana na anavyokula.

*Nipime jeni ya APOE?* Nakala moja ya aina ya e4 ya jeni hiyo huongeza hatari ya Alzheimer mara mbili hadi tatu, nakala mbili mara nane au zaidi, lakini wengi wenye nakala moja hawaugui. Kwa mtu mzima wa afya jibu halibadilishi ushauri. Ina maana kwa mgonjwa anayefikiriwa kupewa lekanemabu, dawa ya kuondoa amiloidi, kwa kuwa wenye e4 mbili huvimba na kuvuja damu kwenye ubongo zaidi.

*Ni kweli chanjo ya mkanda wa jeshi hukinga dimensia?* Ushahidi mzuri unatoka Wales, ambako waliozaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1933 walistahili chanjo na waliozaliwa kabla hawakustahili. Ulinganisho wa waliotofautiana wiki chache tu za kuzaliwa, uliochapishwa mwaka 2025, ulionyesha dimensia ikipungua kwa karibu moja ya tano ndani ya miaka saba kwa waliochanjwa. Ile ilikuwa chanjo ya virusi hai vilivyodhoofishwa, isiyowafaa wenye kinga iliyoshushwa na dawa. Inayotumika zaidi sasa haina virusi hai na hutolewa dozi mbili, zikipishana miezi miwili hadi sita, kwa walio na miaka 50 na zaidi. Mwenye lupasi anayetarajia kuanza dawa kali za kushusha kinga aipate kabla ya kuzianza, ikiwezekana.